Jicho la Kushoto

Matokeo ya mtihani yalibandikwa mlangoni saa nane mchana, kwa namba na si kwa majina, ili asiaibike mtu. Lilikuwa wazo zuri la watu wasiowajua watu wa maabara. Mtu ambaye kazi yake ni kutafuta kisichoonekana, ukimpa namba bila jina, hatulii mpaka amjue mwenyewe. Gundi haijakauka, watu kumi na wawili wenye makoti meupe walikuwa wamejazana pale mlangoni, na vidole vyote vikaishia mahali pamoja: namba saba, kumi na moja kati ya ishirini.

"Huyu alikuwa anasoma slaidi au anapiga ramli?" akauliza mmoja.

"Kobe, pole sana ndugu yangu," akasema mwingine, na kicheko kikalipuka.

Kobe alikuwa mwanamume wa miaka arobaini, mpole, aliyepewa jina hilo kwa sababu wenzake wakisoma slaidi mbili za damu kwenye hadubini yeye bado alikuwa anaikagua ya kwanza. Alijikuna kidevu, akatabasamu, hakusema kitu. Wakachukulia kwamba amekiri.

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni Bi Jicho, mkuu wa meza ya damu, mama wa miaka hamsini na minne. Alicheka mpaka akajishika kiuno. Na mfukoni mwa koti lake kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, ambacho ndani yake iliandikwa namba saba.

Jina la Bi Jicho hakujipa mwenyewe. Alipewa na madaktari zamani, wakati vimelea vya malaria vikijificha kwenye tone la damu na kila mtu akisema damu ni safi, yeye aliinama dakika mbili tatu kisha akasema, "Huyu hapa." Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkuu wa meza ile. Wanafunzi waliopita mikononi mwake walijaa hospitali nzima, na hata huyo mwalimu aliyekuja kuendesha semina na kutunga mtihani wa safari hii alikuwa mwanafunzi wake: mama mmoja wa miaka thelathini na sita, ambaye enzi za mafunzo alikuwa hafungi mdomo hata akiwa ameinamia hadubini, hivi kwamba Bi Jicho mwenyewe ndiye aliyembatiza Chiriku.

Sheria za mtihani zilikuwa wazi. Aliyepata chini ya kumi na sita angeurudia baada ya wiki sita, na akianguka tena, kwaheri hadubini. Angepelekwa mapokezi kuandika majina ya wagonjwa. Mkuu wa meza alitakiwa apate kumi na nane au zaidi. Bi Jicho alibakiza miaka sita astaafu, na kwa muda mrefu alikuwa akiihesabu kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akiomba tu asiteleze kabla ya ng'ambo.

Siri yake ilikuwa hii. Kazi aliisomea kwenye hadubini ya zamani, yenye bomba moja, ambayo unaitazamia kwa jicho moja na lingine unalifumba. Miaka kumi iliyopita zikaletwa hadubini mpya za macho mawili. Fundi aliyezileta aliwaelekeza watu asubuhi moja, na asubuhi hiyo Bi Jicho alikuwa kwenye kikao. Aliporudi, vijana wakamwambia, "Mama, wewe huhitaji kuelezwa." Naye akajibu, "Naam." Neno moja tu, na likamgharimu miaka kumi.

Maana alipoinama na kufungua macho yote mawili, aliona maduara mawili ya mwanga yanayopandana na kuachana kama sahani zisizotaka kupangana. Kichefuchefu kikampanda. Akafumba jicho la kushoto, na mambo yakatulia. Akajiambia atajifunza kesho. Kesho yake palikuwa na wagonjwa wengi, na keshokutwa ikawa aibu kuuliza kitu ambacho jana alisema anakijua. Akaihamishia hadubini yake kwenye kona, ubavu wa kushoto ukielekea ukutani, akatoa amri kwamba isiguswe na mtu. Wenzake wakadhani ni maringo ya ukubwa. Mwanzoni jicho moja lilitosha. Lakini jicho halikuumbwa kubeba mizigo ya mawili, na miaka ya karibuni, ikifika saa nne asubuhi, la kulia lilianza kuchoka. Likaona nukta pasipo na nukta, na penye nukta likaona ukungu. Hapo alikuwa akiamua kwa uzoefu, yaani, kwa lugha ya nyumbani, alikuwa akibahatisha. Alikuwa anakufa na tai shingoni.

Watu walipotawanyika, Chiriku alimwita Bi Jicho kwenye stoo, katikati ya maboksi ya glavu. Alifunga mlango kwa mgongo wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema ulilonalo, nina kazi."

"Jana baada ya mtihani niliwatazama nyuso mlipokuwa mnatoka. Kwa zaidi ya saa tatu mmebana macho kwenye zile lenzi. Wenzako wote walitoka na alama mbili za duara, huku na huku. Wewe ulikuwa nayo moja."

Bi Jicho alipeleka mkono usoni bila kukusudia. Kisha akapandisha kidevu.

"Chiriku, mimi ndiye niliyekufundisha kushika slaidi. Ulikuwa unaishika kama chapati."

"Ndiyo maana siwezi kukuacha," akasema Chiriku, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Niambie tu, mama. Sitamwambia mtu."

"Hakuna cha kuambiwa. Nilikuwa na mafua." Akafungua mlango, akatoka.

Alipofika nyumbani alimkuta mumewe amekaa kwenye ngazi ya mlango akijipaka dawa kwenye goti. Mumewe alikuwa seremala, miaka sitini na moja, na mwezi ule alikuwa ameamua kujifunza baiskeli. Utotoni hakupata nafasi. Alikuwa kifungua mimba, na vifungua mimba wengi hujua kazi kabla ya kujua michezo. Basi kila jioni aliikokota baiskeli ya jirani mpaka mwisho wa uchochoro, akapanda, akaanguka. Watoto wa mtaa walikuwa wakimsubiri kama wanavyosubiri katuni.

"Leo nimefika kwenye mlingoti wa umeme," alisema kwa fahari.

"Umefika au umeugonga?"

"Vyote viwili."

Siku nyingine Bi Jicho angecheka. Siku hiyo alikaa kando yake kwenye ngazi, mkoba ukiwa bado begani, akamuuliza swali alilokuwa nalo tangu mwezi uanze. "Baba watoto, hivi wewe huoni aibu? Mtu mzima, una wajukuu, vitoto vinakucheka mchana kweupe."

"Aibu naiona, tena sana," alisema mzee, akifunika kichupa cha dawa. "Ila naiona nikiwa juu ya baiskeli."

Alisema hivyo bila kujua amesema nini, akainuka akaenda kuoga. Mkewe alibaki pale kwenye ngazi, na machozi yakamtoka kimya kimya. Alilia kwa hofu ya mapokezi, na kwa jina lake kubwa, na zaidi kwa jambo ambalo hakuwahi kuliruhusu limfikie: kwamba nyuma ya kila slaidi aliyoibahatisha kulikuwa na mtu aliyetoa kidole chake akachomwa, akakaa kwenye benchi kusubiri kuambiwa ukweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ubaya wa haya aliyoyaficha yeye ni kwamba yangeweza kumuumbua mtu mwingine kabisa.

Kesho yake alifika kazini kabla ya mfagizi. Chiriku alipoingia alimkuta amekaa mbele ya hadubini ya semina, mikono mapajani kama mtoto wa siku ya kwanza shule.

"Sijui kuitumia," alisema Bi Jicho. "Macho mawili. Sijawahi kujua."

Chiriku aliweka mkoba chini. Alivuta kiti, akakaa, akazishika zile lenzi mbili kwa vidole vyake, akazisogeza taratibu, moja huku na nyingine kule.

"Zinasogea?" aliuliza Bi Jicho.

"Zinasogea, mama. Kila mtu macho yake yana nafasi yake. Ya fundi aliyeleta ile ya kwako labda yalikuwa yameachana zaidi. Inama. Nitasogeza, wewe uniambie."

Bi Jicho akainama, macho yote mawili wazi. Maduara mawili yakaja, yakasogeleana, yakapandana. Kisha yakawa duara moja, pana na jeupe, na damu ikatandazika ndani yake bila kutikisika. Ilichukua nusu dakika.

Ungedhani angefurahi. Alikasirika kiasi cha kupiga meza. "Miaka kumi!" alisema. "Miaka kumi, Chiriku, kwa kitu cha kusogeza hivi!" Chiriku alimwekea mkono mgongoni na kuuacha hapo, mpaka pumzi za yule mama zikarudi mahali pake.

Kusogeza lenzi kulikuwa rahisi. Jicho lenyewe ndilo lililokuwa kaidi. La kushoto lilizoea kulala kazini kama mlinzi mzembe, na kila alipolisahau lilijifumba. Chiriku akampangia mazoezi kila alasiri, pamoja na wanafunzi wapya watano, maana muda mwingine haukuwepo. Bi Jicho akapiga moyo konde, akaketi kwenye kiti cha plastiki kati ya watoto aliowazidi miaka thelathini. Siku ya pili msichana mmoja alimsogezea slaidi. "Mama, hiki ni kimelea au uchafu wa rangi?" Bi Jicho alitazama kwa muda mrefu. Zamani angejibu papo hapo. "Sijui," alisema. "Tumuulize mwalimu." Msichana akashusha pumzi, akacheka, akasema kumbe hata wakubwa. Na hapo wote watano wakaanza kuuliza maswali waliyokuwa wameyameza tangu Jumatatu, na Bi Jicho naye akauliza ya kwake, yakiwemo mawili ya kijinga. Alirudi nyumbani amechoka vibaya, na njiani akajikuta anatembea haraka kama mtu mwenye habari njema.

Wiki ya nne aliomba masanduku ya slaidi za mwezi uliopita, zile zinazotunzwa kwa ajili ya ukaguzi. Alizisoma upya zote zilizokuwa na saini yake, kidogo kidogo, macho mawili. Nyingi zilikuwa sawa. Tatu hazikuwa sawa. Mbili aliziita zenye malaria nazo zilikuwa safi. Ya tatu aliiita safi, na vimelea vilikuwa vimejaa humo kama mchanga. Alitafuta namba za simu kwenye kitabu cha mapokezi, akawapigia wote watatu mmoja baada ya mwingine, akawaeleza kosa na kuwataka radhi. Yule wa tatu alikuwa mshonaji wa magodoro. Alisema homa ilimzidi, akaenda kupimwa kwingine, akapewa dawa, sasa mzima. "Ila nilidhani naumwa wazimu," aliongeza yule mshonaji, "maana nyie mlisema sina kitu."

Neno hilo lilimkaa kifuani. Aliichukua ile slaidi mkononi, akaenda nayo moja kwa moja kwa mkuu wa hospitali.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. "Hakuna aliyegundua hili," alisema. "Kwa nini umeniletea?"

"Nimegundua mimi."

"Unajua siwezi kukuacha na ukuu wa meza."

"Najua, daktari. Nimekuja nao mkononi."

Asubuhi iliyofuata aliwakusanya wenzake kabla wagonjwa hawajaanza kuitwa. Alisimama mbele ya hadubini yake ya kona, ambayo safari hii alikuwa ameivuta mpaka katikati ya meza. Aliwaambia yote, la jicho, la kona, la slaidi tatu. "Na namba saba ni mimi," akamalizia. "Mlimcheka Kobe, nami nikacheka kuwashinda nyote. Kobe, nisamehe ndugu yangu."

Kobe alijikuna kidevu kama kawaida yake.

"Nilijua si mimi," alisema. "Mimi nilikuwa namba tatu. Kumi na tisa." Akashusha mkono. "Nilijua aliyeipata saba anaumia zaidi yangu. Nikaona mimi nina mabega, acha wanicheke."

Bi Jicho alishindwa kujizuia. Alimkumbatia pale pale mbele ya watu, mtu mzima na kalamu zake mfukoni, na waliomcheka Kobe siku ile wakaanza kutazama viatu vyao.

Katika mtihani wa marudio alisoma slaidi moja moja, bila kubahatisha. Muda ulipokwisha alikuwa amebakiza tatu, akaandika mbele ya kila moja: sijaisoma. Kumi na saba alizozisoma zilikuwa sahihi zote. Kumi na saba inatosha kubaki kwenye hadubini, haitoshi kuwa mkuu. Ukuu wa meza akapewa Kobe.

Usiku ule alijilaza akiusubiri uchungu wa cheo uje. Aliujua, aliuogopa miaka mingi, alikuwa hata amejiandalia maneno ya kujifariji. Ulikuja kidogo, ukamchoma mahali, ukapita. Alichokuta nyuma yake ni usingizi, na aliulala mpaka asubuhi.

Jumanne ya wiki ya pili chini ya Kobe, aliwekewa tone la damu la mzee mmoja mwenye homa ya siku nyingi. Alipitia uwanja baada ya uwanja, yaani kila duara la damu lililokuja chini ya lenzi. Kwenye uwanja wa sitini aliona nukta moja, hafifu, yenye kitu kama kipete pembeni yake. Akazungusha gurudumu la kulenga, mbele, nyuma. Inaweza kuwa kimelea. Inaweza kuwa rangi.

"Kobe, njoo unisaidie kuona."

Kobe akaja, akazisogeza lenzi zikae kwa macho yake, akatazama kwa ukobe wake wote. Foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyemharakisha.

"Hata mimi sijui, mama," alisema hatimaye. "Tuombe tone jingine."

"Ngoja niende mwenyewe."

Mzee alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kofia juu ya goti, amevaa sweta mchana wa jua kali. Bi Jicho alichuchumaa mbele yake mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Naomba kidole chako tena. Nimeitazama damu yako, na sijaelewa nilichokiona."

Maneno hayo hakuwahi kumwambia mgonjwa yeyote. Mzee alimtazama, akaitazama mvi iliyochungulia kwenye nywele zake, akalitazama lile koti jeupe. Bi Jicho akawa kama anamwona yule mzee akinyanyuka na kofia yake, akiondoka kutafuta hospitali yenye watu wanaojua kazi.

Mzee akanyoosha mkono. Alikuwa amekunja kidole kilichochomwa asubuhi, akamchagulia kingine.

"Chukua, binti yangu," alisema. "Miezi miwili naambiwa tu na watu wanaojua, na homa haijatoka."

Kidole kilikuwa cha moto kwa homa. Bi Jicho alikifuta kwa pamba taratibu, akamwambia avute pumzi, akachoma.